Kitanda cha Arobaini na Moja

Mgawaji alipofika arobaini, akanyamaza.

Watu wa Nkwini walikuwa wamesimama nyuani mwao kama kila alfajiri, shuka mabegani, masikio yameelekea kwenye vipaza sauti vya mlimani. Sauti ya mashine ilikuwa imeanza vizuri tu, kuanzia sifuri, jina kwa jina, na kila nyumba yenye mtu wake pangoni ikaitikia ilipofikiwa: "Tunaye!" Itikio hilo halikuwa na faida yoyote kwa Mgawaji, kwa sababu Mgawaji hana masikio. Lilikuwa ni la watu wenyewe. Mtu aliyelala miaka mitano bila kufumbua jicho, ukimwitikia kila siku, anabaki kuwa wa nyumbani.

"Arobaini. Nambonea Mshana. Amelala."

"Tunaye!" ikaitikia nyumba ya bondeni.

Vipaza sauti vikakoroma kidogo. "Safu imekwisha," Mgawaji akasema, na vikazima.

Nakijwa alikuwa ameanza kuvuta pumzi ya kuitikia. Mumewe Kajiru yuko kitanda cha hamsini na nane, na kwa kawaida kati ya arobaini na hamsini na nane kuna nafasi ya kutosha kumwosha mtoto uso na kumfunga lesi. Mtoto mwenyewe, Namkunda, wa miaka minne na ushee, alikuwa ameshika pindo la khanga ya mama yake na kiatu kimoja mguuni.

"Mama, baba hajaitwa."

"Nimesikia."

"Kasahauliwa?"

"Hakuna anayemsahau baba yako," Nakijwa akasema, na kwa mara ya kwanza neno hilo lilimtoka bila uhakika. Akambeba mtoto hadi kwa jirani, akamwacha na kiatu kimoja vilevile, akakwea mlima mbio. Yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji wa Mgawaji. Kama kuna mtu wa kwenda kuuliza, ni yeye.

Namkunda hajawahi kumwona baba yake akitembea. Kajiru alilazwa mimba ikiwa changa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Nkwini, na kila mtu aliijua tangu akiwa mgongoni. Zamani mababu wa milima hii ya Upare walichimba ndiva, mabwawa ya kukinga maji ya mlima, wakagawana maji kwa zamu: leo shamba lako, kesho langu, na mgawaji akasimama kwenye lango la maji kuhakikisha hakuna mjanja. Ukame mkubwa ulipokuja na ndiva ikabaki na maji ya nusu ya watu, vijiji vingine vilishuka tambarare, na hazikurudi habari zao. Nkwini hawakushuka. Waligawana kilichokuwa kimebaki cha kugawana, yaani miaka. Nusu wanalala miaka mitano ndani ya mwamba, wamepozwa kwa maji ya kilindi cha ndiva, hawali, hawanywi, hawazeeki. Nusu wanalima. Kisha wanapokezana. Nyumba yenye mtoto, au mimba, mzazi mmoja hubaki macho.

Ilikuwa imebaki miezi mitatu Kajiru aamke. Nakijwa alikuwa amekwisha kumfundisha Namkunda namna ya kumwamkia.

*

Pangoni baridi ilimpokea kama kawaida, lakini alipovuka kitanda cha arobaini aliihisi ikilegea shavuni mwake. Vitanda vimechongwa ubavuni mwa mwamba, kila kimoja na kifuniko chake cha kioo na taa yake ndogo: buluu ni salama, njano ni hadhari, nyekundu hakuna haja ya kueleza. Kuanzia sifuri hadi arobaini taa zilikuwa buluu. Cha arobaini na moja taa yake ilikuwa imezimika. Kilikuwa kitupu, kimefagiliwa, na juu ya godoro kumelazwa jani bichi la isale, alama ya kitanda chenye msiba. Kutoka hapo hadi mwisho wa pango, taa zote zilikuwa njano.

Kajiru alikuwa amelala chali, na lile kovu lake la kidevuni ambalo kila mara alilitungia hadithi mpya. Nakijwa aliweka kiganja juu ya kioo.

"Upo," akamwambia kwa sauti. "Upo hapa, na mashine inasema safu imekwisha."

Akaenda kwenye kiti cha uendeshaji na kuandika: Tafuta Kajiru Mmbaga. Jibu likaja papo hapo: Hayupo. Akajaribu jirani yake wa utotoni aliyeko kitanda cha kumi na mbili. Yupo, nafasi ya kumi na mbili. Akajaribu wa arobaini na mbili. Hayupo. Sitini. Hayupo.

Ndani ya Mgawaji kila aliyelala ni kitu kimoja. Kitu hicho si jina tupu. Kina jina, umri, uzito na jamaa wa kuarifiwa, na tena kinajua mambo ya kufanya: kikiulizwa hali kinajibu, kikiambiwa amka kinaanza kuamka. Vitu hivyo vimepangwa katika safu, nafasi baada ya nafasi, kama vikombe kwenye rafu, na safu hairefuki kwa sababu mwamba haurefuki. Ukimtaka mtu, Mgawaji huanzia mwanzo na kupita nafasi moja moja akiuliza: ni wewe? ni wewe? Kugawa maji ya baridi ni safari hiyo hiyo. Nakijwa akafungua maelekezo ya safari yenyewe, yaliyoandikwa na waanzilishi kabla yeye hajazaliwa, akayasoma kwa kunong'ona.

Anza nafasi ya sifuri.
Nafasi ikiwa tupu, acha.
Ikiwa na mtu, mwite, mpe maji, nenda inayofuata.

"Nafasi ikiwa tupu, acha," akarudia. "Ewe Mungu wangu!"

Waanzilishi hawakuwa wajinga. Siku zile safu ilikuwa haijajaa. Watu walikuwa wakilazwa kwa kufuatana, na baada ya mtu wa mwisho zilikuwa nafasi tupu mpaka ukutani, kwa hiyo kuendelea kuuliza kulikuwa ni kupoteza maji. Hata waliofia usingizini miaka ya nyuma, wawili tu, walikuwa mkiani mwa safu, na nyuma yao hapakuwa na mtu. Lakini jana, mgawo wa alasiri ulipokwisha tu, moyo wa Mzee Senzighe Mbwambo ulisimama, na Mzee Senzighe alikuwa katikati, kitanda cha arobaini na moja. Mgawaji akamfuta, watu wakamzika jioni ileile kwa heshima zote, na kitanda chake kikaachwa wazi, maana Nkwini kitanda cha marehemu hakilaliwi mpaka arobaini yake ipite. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alifanya alivyofundishwa, na nafasi moja ikawa tupu, na wote walioko nyuma yake wakawa hawapo.

*

Mwenyekiti Mkwizu aliingia akihema. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa, na mwanawe wa kwanza yuko kitanda cha sitini na tatu. Nakijwa alimweleza bila kupaka mafuta.

"Basi sahihisha hayo maneno," Mkwizu akasema. "Badala ya acha, andika endelea. Kuna ugumu gani?"

"Siwezi kuyagusa bila kumzima. Nikimzima, koki zote zinafunga, na kumwasha upya ni kazi ya siku nzima. Tutawamaliza hata hawa wa mbele."

"Tuzifungue koki kwa mkono."

"Zimo ndani ya mwamba, Mwenyekiti. Tuuvunje mlima?"

Mkwizu alizitazama taa za njano mpaka ya sitini na tatu. "Wana muda gani?"

"Mwamba una baridi ya akiba. Mgawo wa alasiri ukiwapita nao, kesho hawaioni."

Mkwizu alivua kofia yake. Lazima lisemwe kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kukata maneno, na siku hiyo alikuwa baba. "Mashine inataka nafasi isiwe tupu," akasema. "Tuijaze. Tumlaze mtu pale arobaini na moja."

"Nani?"

"Yule mgeni."

Mgeni aliitwa Mlola. Alikuwa amepanda kutoka tambarare na alikuwa na siku ya tatu Nkwini, amekaa kwenye banda la lango la pango akingoja kamati iamue kama atapewa maji ya kudumu au ataambiwa shuka ulikotoka. Mkwizu alimwita kwa mkono, na mgeni akaja haraka, kama mtu anayeogopa asije akatanguliwa na mwingine. Mwenyekiti akamweleza kwa maneno mawili matatu anachotakiwa.

"Mtu hufunga siku saba na kunywa dawa kabla ya kupozwa," Nakijwa akasema. "Ukimlaza hivi hivi, mapafu yanaweza kugoma."

"Yanaweza. Si lazima yagome. Yeye anahitaji maji, sisi tunahitaji mtu anayepumua kwenye nafasi ile. Kila mtu anapata chake."

"Na mila? Arobaini ya Mzee Senzighe?"

"Mila nitaiomba radhi kesho, wakiwa hai."

Ni aibu kulisema, lakini moyo wa Nakijwa ulikubali. Ulikubali mara moja. Afadhali huyu kuliko Kajiru, ndivyo alivyowaza, waziwazi kabisa, na akamtazama mgeni kifuani ili asimtazame machoni.

"Dada, usinionee huruma," Mlola akasema. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. "Nimeambiwa na nimekubali. Huko chini tunalamba umande kwenye mawe. Kulala miaka mitano si adhabu."

"Umeambiwa kwamba unaweza usiamke?"

Mlola akamgeukia Mwenyekiti. Mwenyekiti akaitazama saa yake.

"Hilo sikuambiwa," mgeni akasema taratibu. Akafikiri. "Lakini bado nakubali. Kwani nina pa kwenda?"

Hapo ndipo Nakijwa aliposikia moyo wake ukikataa. Huko si kukubali, akajiambia. Mwenye kiu ukimwonyesha kisima atakubali kutupwa ndani. Na Namkunda akija kuuliza siku moja baba aliokokaje, nitamwambia nini?

Akarudi kwenye kiti, akaanza kupekua. Mgawaji anatambua aina kadhaa za watu. Wa kwanza ni Mtu. Kutoka kwa Mtu ametokana Mtoto, ambaye ana kila alicho nacho Mtu ila kipimo chake cha baridi ni kidogo. Ametokana pia Mjamzito. Nakijwa aliposoma neno hilo akaacha kupekua. Aina ya Mjamzito iliongezwa mwaka uleule aliochukua mimba ya Namkunda, kwa ajili ya mwanamke mwenzake aliyegundua mimba akiwa amekwisha kulazwa. Iliongezwa watu wakiwa wamelala, na Mgawaji hakuzimwa.

"Mwenyekiti, njoo uone. Mgawaji hamchunguzi mtu kitandani. Hajui kumchunguza. Anakiuliza kitu kilichoko kwenye nafasi: hali yako? unahitaji maji kiasi gani? Na kila aina hujibu ilivyofundishwa. Mtu anajibu hivi, Mjamzito anajibu vile. Nikimtungia aina mpya, Marehemu, nikamrudisha Mzee Senzighe kwenye nafasi yake kama alivyo sasa, nafasi haitakuwa tupu. Mgawaji atamfikia, atamuuliza, Mzee atajibu kwamba hahitaji kitu, na Mgawaji atasonga mbele."

"Utamsajili maiti."

"Nitamsajili mtu aliyekufa, kwa jina lake, bila kusema uongo."

Mkwizu alisugua paji la uso. "Na usajili unapokea mara ngapi kabla ya alasiri?"

Swali lilikuwa zuri, na Nakijwa alitamani asingeulizwa. "Mara moja. Nikikosea, unajifunga mpaka mgawo upite. Hata Mlola hataweza kusajiliwa."

"Kwa hiyo unataka nicheze bahati nasibu na mwanangu."

"Na mume wangu yumo."

"Ndiyo maana sikuamini."

"Ndiyo maana uniamini," Nakijwa akasema. "Lakini mashine inataka kiganja cha mwenye jina, au cha mrithi wake. Lazima niende kwa Bi Nangasu, mjane wake."

Macho ya Mkwizu yalishuka kwenye ufunguo mkuu uliokuwa ukining'inia shingoni mwa Nakijwa. "Huo hapo unapita bila kiganja cha mtu."

"Huu ni wa siku mashine ikiharibika. Haijaharibika, inafanya ilivyoambiwa. Tuliapa kwamba hakuna atakayeingizwa kwenye safu bila ridhaa. Tukianza na waliokufa kwa sababu hawalalamiki, tutafuatia na wageni kwa sababu hawana kwao."

Mlola akakohoa kidogo.

"Jua likifika utosini hujarudi," Mkwizu akasema, "huyu analala. Nimemaliza."

*

Nyumba ya msiba ilikuwa na mikeka mpaka nje. Wanawake walimpisha Nakijwa bila maneno mengi. Bi Nangasu alikuwa chumbani, kaniki kichwani, miguu ameinyoosha mbele, mgongo wima. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kulia na sasa ana hasira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mashine."

"Ndiye mimi."

"Alfajiri nilitoka uani," Bi Nangasu akasema. "Mazoea tu. Nilikuwa nimemzika jana kwa macho yangu haya, na bado nikatoka, nikasimama, nikangoja arobaini na moja. Hakuna aliyekuja kuniambia kwamba mmemfuta kama chaki ubaoni."

"Mashine ilimfuta yenyewe, mama, moyo uliposimama."

"Na ninyi wenye miguu mlikuwa wapi?"

Nakijwa akapiga magoti mkekani. "Nisamehe. Nilipaswa kuja."

Kisha akamweleza. Alieleza kwa maneno ya kawaida habari ya pengo katikati ya safu, ya taa za njano, ya alasiri. Hakumficha kwamba Kajiru yumo. Mjane alisikiliza akipapasa ukingo wa mkeka.

"Kwa hiyo kifo cha mume wangu kinaua watu."

"Si kifo. Ni ule utupu alioacha."

"Na unataka nini?"

"Jina lake lirudi kwenye nafasi yake. Liitwe, asubuhi na alasiri."

Bi Nangasu akainua kichwa. "Kabla ya arobaini? Hujafunzwa wewe? Jina la marehemu haliitwi akiwa bado njiani. Atageuka!" Halafu sauti ikashuka, na ikawa mbaya zaidi ilivyoshuka. "Na mimi je? Tangu niolewe, nusu ya ndoa yangu imekuwa ni neno moja. Amelala. Nimelima na neno hilo, nimeugua nalo. Mkiniitia tena kwamba amelala, nitamngoja. Nakuapia nitamngoja, na kaburi nimelifukia mwenyewe. Usinifanyie hivyo, mwanangu."

Macho ya Nakijwa yalijaa. Aliyaacha yajae, kwa sababu hakuwa na muda wa kuyafuta.

"Hataitwa amelala, mama. Ataitwa alivyo. Mgawaji akimfikia atamuuliza, unahitaji maji? Naye Mzee atajibu mwenyewe, hapana, mpe anayefuata. Kazi yake itakuwa hiyo tu. Kuwapitisha walioko nyuma yake."

Mjane alimkazia macho, na ghafla akacheka, kicheko kifupi kilichowafanya wanawake wa nje wachungulie.

"Hilo lake," akasema. "Hilo ni lake kabisa! Zamu ya maji ikimfikia, hata kama mahindi yake yamesinyaa, alikuwa anakwenda kwanza kutazama mfereji wa jirani. Anarudi anasema, mimi udongo bado una unyevu, mpeni huyo wa chini. Nilikuwa namgombeza mpaka nakauka koo. Mpeni wa chini! Tumekula ugali wa kuomba kwa ajili ya huyo wa chini." Alijifuta uso kwa kaniki. "Nikikataa, itakuwaje?"

Nakijwa hakutaka kulisema, maana lilikuwa kama kumkaba mtu shingo. Lakini ameulizwa. "Mwenyekiti atamlaza mgeni kwenye kitanda cha Mzee. Bila dawa. Labda ataamka, labda hataamka."

"Mgeni gani?"

"Wa kutoka tambarare. Ana siku tatu hapa."

"Mgeni siku ya tatu hupewa jembe," Bi Nangasu akasema. "Hapewi kitanda cha maiti." Akaegemea ukuta, akajiinua. Nje wanawake wakaruka. Mama, unatoka kwenda wapi, matanga hayajaisha! Yeye akawa anatafuta ndala zake. "Nimesikia. Matanga yataningoja, hayana pa kwenda. Lakini sikiliza, binti. Zamu ikiisha mtaizima hiyo mashine mwitengeneze, sivyo? Na Mzee mtamtoa."

"Ndiyo, mama."

"Siku hiyo nitaitwa. Kidole cha kumtoa kitakuwa changu."

"Nakuahidi."

*

Jua lilikuwa limefika utosini na kupita kidogo walipoingia pangoni. Mkwizu hakuwa amengoja. Mlola alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha arobaini na moja, kifua wazi, anatetemeka, jani la isale amelishika mkononi kwa sababu hakujua aliweke wapi.

"Vaa shati, mwanangu," Bi Nangasu akamwambia. "Hapo pana mwenyewe. Ukitoka hapa uje unichimbie mfereji, umejaa udongo. Fungu la maji la nyumba yangu linatosha wawili, utakunywa."

Mlola alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alimtazama mjane wa msiba aliyetoka nje kabla ya siku zake, kaniki kichwani, na akasogea kando.

Nakijwa alikuwa amekwisha kaa. Aliandika polepole, akisoma kila mstari kwa sauti ili mwenye mume asikie.

Marehemu ametokana na Mtu.
Akiulizwa hali, ajibu: amepumzika.
Akiulizwa maji, ajibu: mpe anayefuata.
Akiambiwa amka,

Hapo vidole vilisita. Kila aina ya Mtu lazima ijue la kufanya ikiambiwa amka, la sivyo usajili utaikataa. Aligeuka. "Mama, akiambiwa amka, afanye nini?"

Taa ya arobaini na tisa ilianza kupepesa wekundu.

"Asifanye kitu," Bi Nangasu akasema. "Anyamaze."

Nakijwa akaandika: anyamaze. Akaandika jina, umri, jamaa wa kuarifiwa. Akapitia yote mara nyingine tena, neno kwa neno, huku Mkwizu akisema nyuma yake haraka, haraka basi, na yeye akikataa kuharakishwa. Kisha akasogeza kibao, na mjane akaweka kiganja chake kikavu, chenye sugu za jembe.

Imepokelewa, mashine ikaandika. Haikuandika zaidi.

"Imekubali?" Mkwizu akauliza.

"Imepokea. Kama imekubali tutasikia alasiri."

Walitoka nje kungoja. Jirani alikuwa amempandisha Namkunda, maana mtoto alikuwa amesusa chakula tangu asubuhi. Sasa alikuwa na viatu vyote viwili. Chini, nyuani, watu walikuwa wamekwisha kujaa. Habari Nkwini haihitaji vipaza sauti.

Alasiri ikafika. Vipaza sauti vikakoroma.

Sifuri. Moja. Mbili. Nyumba moja moja ikaitikia, kwa woga, kama watu wanaopita juu ya daraja bovu. Thelathini. Thelathini na tano. Mkwizu alikuwa amefumba macho.

"Arobaini. Nambonea Mshana. Amelala."

"Tunaye!"

Kimya. Kimya kikaendelea, na mtu mmoja huko bondeni akaanza kulia.

"Arobaini na moja," Mgawaji akasema. "Senzighe Mbwambo. Amepumzika."

Hakuna aliyejua la kuitikia. Mji mzima ulisimama na jina hilo hewani, na Nakijwa akamgeukia Bi Nangasu, ambaye midomo yake ilikuwa ikitetemeka bila kutoa sauti. Kisha sauti ikatoka, na ikawa kubwa kuliko alivyokuwa mwenyewe.

"Tulikuwa naye!" Akameza mate. "Haya, pita! Pita, mpe wa chini!"

"Arobaini na mbili," Mgawaji akasema, na ndani ya mwamba yakasikika maji. Mlima ulinguruma kwa kupita kwake. Nyumba ya arobaini na mbili haikuitikia, ilipiga yowe. Arobaini na tatu ikapiga kigelegele. Mkwizu alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, kofia mkononi, akihesabu kwa midomo kuelekea sitini na tatu, na Mlola amesimama karibu naye hajui kama amshike bega.

"Hamsini na nane. Kajiru Mmbaga. Amelala."

Nakijwa akafungua mdomo. Tangu alfajiri alikuwa amebishana na mwenyekiti, na mjane, na mashine, na nafsi yake, na sasa neno moja lililokuwa limebaki halikumtoka. Machozi yalimwagika tu.

Namkunda alimvuta khanga, akangoja. Aliona mama yake hawezi. Basi akaugeukia mlima, akajaza kifua chake kidogo chote, akapaza sauti:

"Tunaye!"

Mgawaji, asiye na masikio, akaendelea na hamsini na tisa.